Sanamu Chini ya Asumini

Nilikuwa nimekwisha kushona magauni kumi na sita ya kijani, nimebakiza mikono ya mawili tu, mdogo wangu alipokuja kibandani kwangu na kuniambia kwamba mavyaa wake hataki kijani.

"Hataki vipi?" nilimwuliza, mguu bado uko kwenye cherehani.

"Anasema kijani huleta mkosi harusini."

Ilikuwa Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Likoni. Baba yetu alitoka Taita akaja kufanya kazi bandarini, akajenga nyumba ya vyumba vitatu, na ndimo tulimozaliwa. Yeye na mama walifariki mdogo wangu angali shuleni, kwa hiyo mimi ndiye niliyemlea. Nilimfunga nywele, nilimpeleka kipaimara, nilikaa naye alipoumwa tumbo la mitihani. Alipokua alipata kazi kwenye uwanja wa ndege, upande wa Changamwe, kwenye dawati la mizigo iliyopotea. Hapo ndipo alipokutana na kijana wa Ayalandi aliyekuja kufanya kazi ya pampu za maji, sanduku lake likaenda nchi nyingine. Siku nne alikuja dawatini kuuliza sanduku. Siku ya tano sanduku likafika, lakini yeye hakuacha kuja.

Kijana huyo sikuwa na neno naye. Alikuja kuposa kwa adabu, akakaa chini na mjomba wetu aliyeshuka kutoka Taita, akala ugali na mchicha bila kusukuma sahani. Nilipomwuliza nchi yao ina rangi gani, alinionyesha picha kwenye simu: vilima vya kijani, mashamba ya kijani, watu wanasherehekea barabarani wamevaa kofia za kijani. Ndiyo maana nilipokwenda mjini kununua kitambaa cha sare sikubabaika. Nilisema moyoni, mama yake akishuka kwenye gari akaona ukoo mzima umevaa rangi ya kwao, atajua mwanawe kaoa mahali panapomheshimu.

"Lakini si ndiyo rangi yao?" nilimwuliza mdogo wangu.

"Ni rangi yao, dada. Ila si ya harusi."

"Basi ni ya nani?"

Aliketi kwenye kigoda cha wateja, akashusha sauti. "Kuna viumbe, anasema, wanakaa chini ya vilima. Yeye anawaita wale wema. Wanapenda kijani. Wakiona bibi harusi amezungukwa na kijani wanadhani ni wa kwao, wanamchukua."

"Kama ni wema, mbona wanachukua watu?"

"Sijui. Anasema wanaitwa wema ili wasikasirike."

Jirani yetu, bi mkubwa mmoja ambaye ukoo wake umekaa Likoni tangu kabla ya barabara, alikuwa ameketi pembeni akingoja nimpunguzie buibui. Alikuwa anatusikiliza muda wote. "Hayo ni majini," alisema, kama mtu anayetaja aina ya samaki. "Hebu mwulize huyo mama, chumvi wanaiogopa?"

Mdogo wangu alipiga simu hapohapo. Mama huyo wa Ayalandi alikuwa ameshukia hoteli moja ya Shelly Beach pamoja na mwanawe. Waliongea kwa muda, kisha mdogo wangu akafunika simu kwa kiganja, macho yamemtoka.

"Anasema ndiyo. Wanaiogopa sana. Anaomba uitie kwenye pindo za magauni."

"Nilijua," alisema bi mkubwa, akarudi kunywa chai yake.

Hivyo ndivyo nilivyotumia Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi nikifumua pindo za magauni kumi na sita, natia chembe za chumvi ya mawe, nashona tena. Marehemu baba yangu hakuruhusu hata neno hirizi litamkwe mezani. Nilifundishwa katekisimu, nikawafundisha wengine. Sasa nilikuwa nashona kitu ambacho sikuwa na jina jingine la kukiita, kwa ombi la mama Mkatoliki kutoka nchi iliyowahi kutuletea mapadre. Kila nilipofunga uzi nilijiambia ni chumvi tu, tunaitia hata kwenye mchuzi. Halafu nikawaza: kama ni chumvi tu, mbona naishona kwa siri?

Mama mwenyewe alikuja kwetu Ijumaa alasiri. Alikuwa mrefu, mwembamba, nywele fupi nyeupe, na pua aliyokuwa ameshaiunguza kwa jua la siku mbili. Mwanawe alimfundisha neno moja, shikamoo, lakini hakumwambia linakwenda kwa nani. Aliwashikamoa wote, mjomba, mpangaji wetu, hata binti wa miaka mitano wa mpangaji, na mimi nilipoamkiwa na mtu wa rika la mama yangu nilibaki nimefungua mdomo. Kusema marahaba ni utovu wa adabu, kunyamaza pia ni utovu wa adabu. Nilimshika mikono yote miwili nikainama kidogo, naye akainama pia, karibu tugongane vichwa.

Alikunywa chai, akala mahamri matatu. Kiingereza chake kilikwenda mbio kama kinateremka mlima, nami nilishika neno moja katika manne. Baadaye aliomba kuona nyuma ya nyumba. Mdogo wangu akaenda naye. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchele wa pilau, sikuwafuata. Kabla ya magharibi alikuwa ameondoka, na mdogo wangu akaingia kutiwa hina na mashangazi. Hakuna aliyeniambia lolote.

Jumamosi niliamka alfajiri kutwanga viungo. Kulikuwa na manyunyu. Ndio ulikuwa msimu wenyewe wa mvua za masika, na sote tulikuwa na wasiwasi na uwanja wa kanisa, maana ukinyeshewa saa moja unakuwa tope tupu. Nilikuwa sijafika mbali na bizari nzima niliposikia bi mkubwa akiniita kutoka upande wa pili wa ua.

"Ndoo, mwanangu! Ndoo uone! Auzubillahi!"

Nilitoka na mchi mkononi. Kati ya nyumba yetu na yake kuna kichaka cha asumini. Chini yake, ndani ya majani yaliyolowa, kulikuwa na kitu kimesimama. Kimtu kidogo, urefu wa shubiri, kimevalishwa kanzu nyekundu, kimefukiwa mpaka magotini, kinatazama mlango wetu. Taa ya nje ya bi mkubwa ilikimulika upande mmoja tu.

"Usikishike kwa mkono," alisema bi mkubwa. Alikuwa amejifunika leso mpaka kidevuni. "Mtu kakuwekeeni kitu. Asubuhi ya harusi! Nani ana chuki nanyi?"

Mpangaji wetu alitoka, akaona, akarudi ndani na kufunga mlango. Mimi nilisimama na ule mchi. Nilifikiria wote waliowahi kumtaka mdogo wangu wakakataliwa. Nilifikiria shangazi mmoja aliyesema Mzungu hadumu. Sikufikiria sala hata moja, na hilo linaniaibisha hadi leo. Niliinua mchi nikakipiga.

Kichwa kiliruka, kikaangukia kwenye kidimbwi.

Nilipoinama kukitazama niliona taji. Nikaona uso wa duara wa mtoto, mashavu yamepakwa waridi. Nikalitazama lile joho, nikauona ule mkono mdogo ulioinuliwa vidole viwili. Kanisani kwetu ipo sanamu kama hiyo, kubwa zaidi, kwenye altare ya pembeni. Ilikuwa sanamu ya Mtoto Yesu.

"Ni nini?" aliuliza bi mkubwa.

"Ni wetu," nilimwambia.

Nilikimbia ndani nikamwamsha mdogo wangu. Aliketi kitandani, kichwa kimejaa rola za nywele, akanitazama, akaitazama ile sanamu isiyo na kichwa mkononi mwangu.

"Mungu wangu, nilisahau kukwambia," alisema. "Ni mama ndiye aliyeiweka. Kwao huwekwa nje siku moja kabla ya harusi, chini ya kichaka, ili mvua isinyeshe. Dada, umefanya nini?"

Kabla sijajibu tulisikia tuktuk imesimama nje. Mama alikuja peke yake, saa kumi na mbili na nusu, ameshavaa viatu vya harusi. Alipitiliza moja kwa moja nyuma ya nyumba. Tulimkuta amesimama mbele ya kichaka, anatazama shimo tupu. Sikuwa na pa kujificha. Nilinyoosha mikono, mwili wa sanamu kwenye mkono mmoja na kichwa kwenye mwingine.

Alitoa ukelele. Nilidhani anaanguka. Kumbe alikuwa anacheka. Alinishika mashavu, akanibusu kipaji cha uso, akaanza kuzungumza kwa kasi ile yake, machozi yanamtoka. Nilimgeukia mdogo wangu.

"Anasema ni bahati," mdogo wangu alitafsiri polepole, naye haamini. "Anasema ikikatika kichwa ndiyo bahati kamili. Wengine husubiri miaka mingi ikatike." Akageuka kumsikiliza tena. "Lakini lazima kikatike chenyewe. Mtu akikivunja, haihesabiki. Anauliza, kimekatika chenyewe?"

Wote wawili walinitazama. Bi mkubwa alikuwa upande wake wa ua, anatutazama. Nilimwona mama yule alivyokuwa amefumbata mikono kifuani kama mtoto anayengoja kufunguliwa zawadi.

"Kimeanguka chenyewe," nilisema.

Mdogo wangu alijua. Alitafsiri hivyo hivyo.

Manyunyu yaliisha saa tatu. Ndoa ilipofungwa jua lilikuwa limewaka kiasi kwamba waliokuja na miavuli waliifungua kwa ajili ya kivuli. Mama alitoka kanisani akainua uso juu, akafumba macho, midomo inacheza. Mimi nilikuwa na uongo wangu kifuani na jua usoni, na sikujua kama ule uongo ulikuwa umefanya kazi au kama mvua ya Likoni huisha saa tatu hata bila sisi.

Maharusi walipotoka mlangoni nilikuwa nimesimama mstari wa mbele. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo tangu mama yetu afariki. Nilikuwa nimepanga hata neno la kumwambia. Nilipiga hatua mbili, mikono imeshafunguka, ndipo nilipohisi mtu amenikamata kiwiko. Ni mama yake bwana harusi. Alinivuta nyuma kwa nguvu ambayo sikudhani anayo, akasema kitu kwa sauti kali, na kwa mkono wake mwingine akamsukuma mjomba mbele.

Mjomba hakujua lolote. Alijikuta mbele ya bibi harusi, akampa mkono kama chifu anayekagua gwaride, akasema, "Hongera." Hapo ndipo mama aliponiachilia. Lakini watu walikuwa wameshajaa, mashangazi wanapiga vigelegele, wakwe wanasukumana, na nilipomfikia mdogo wangu nilikuwa wa saba au wa nane. Lile neno lilikuwa limeshanitoka kichwani. Nilimwambia, "Shela yako imekaa upande."

Kisha nikaenda nikasimama nyuma ya tangi la maji la kanisa. Kwenye picha zote za mlangoni mimi sipo.

Kwenye karamu sikula vizuri. Niliwatazama watu wakicheza, magauni yangu ya kijani yakizunguka na chumvi yake, na niliona kila shangazi alipotaka kumnyanyua bibi harusi juu, mama alikuwa anakimbia kumshika miguu irudi chini. Watu walicheka, wakadhani ndio uchezaji wa kwao; kumbe, nilikuja kuambiwa, bibi harusi akiacha ardhi wale wema humchukua. Mimi nilijiuliza kama amenidharau kwa sababu mimi ni fundi wa kibandani, au kwa sababu ya rangi ya kitambaa, au kama ameujua uongo wangu. Kila jibu nililolipata lilikuwa na tundu.

Jumapili baada ya misa alikuja nyumbani. Maharusi walikuwa wamekwenda zao. Alikuja bila mkalimani, na kwa mara ya kwanza alizungumza taratibu, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Kiingereza changu cha shule kikatosha. Tuliketi nyuma ya nyumba, kwenye mkeka.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Kwa mkono."

"Kwa nini ulinivuta?"

"Wa kwanza kumpongeza bibi harusi lazima awe mwanamume. Akianza mwanamke, ni balaa. Mimi, siku yangu, alianza dada yangu. Alinikimbilia kama ulivyotaka kukimbia wewe. Alinipenda kama unavyompenda wako. Miezi minane baadaye mume wangu alikufa. Alitoka kwenda kazini na baiskeli, lori likamgonga. Kijana wangu alikuwa bado tumboni."

Nilimmiminia chai, ikamwagika kwenye sahani.

"Na dada yako?" nilimwuliza.

"Sikuongea naye miaka kumi na moja."

Hapo nilishindwa kuendelea kubeba. Labda nilitaka kumfariji, labda nilitaka kuutua mzigo wangu tu, hadi leo sijui. Nilimwambia, "Mama, kile kichwa hakikukatika chenyewe. Nilikipiga mimi. Kwa mchi. Nilidhani ni uchawi."

Nilingoja akasirike. Alitazama kichaka cha asumini kwa muda mrefu, mpaka nikadhani hakunielewa, nikataka kurudia.

"Na mimi nilikipiga changu," alisema.

"Chako kipi?"

"Asubuhi ya harusi yangu. Kwa mpini wa kijiko. Niliitaka sana ile bahati. Nilimwambia mama yangu kimeanguka chenyewe." Alivuta pumzi. "Hajui mtu. Kwa hiyo sijawahi kujua ni lipi. Ni dada yangu, au ni kijiko."

"Au si chochote," nilisema.

"Au si chochote," alijibu. Lakini aliponitazama niliona kwamba hilo ndilo lililokuwa gumu kwake kuliko yote, na nikajuta kulisema. Kama si chochote, basi alimnyima dada yake salamu miaka kumi na moja bure.

Aliniomba nisimwambie mwanawe. Nikamwomba naye asimwambie langu. Tulikubaliana hivyo, watu wawili ambao siku tatu kabla hatukujuana, tumeketi mkekani na siri ambayo sina hakika kama ni siri au ni upuuzi. Kabla hajaondoka aliuliza jina la Kiswahili la lile ua, nikamwambia asumini, akalirudia mara mbili vibaya.

Nilikwenda kuungama wiki ile. Padre alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniambia ushirikina ni dhambi, uongo ni dhambi, na kuvunja sanamu kwa kutojua si dhambi. Nikamwuliza kuogopa je. Nilimwambia ninaogopa kwamba mume wa mdogo wangu ataendesha gari siku moja na asirudi, na kwamba nitakuwa nimelisababisha mimi, ingawa siamini kwamba nimelisababisha. Aliniambia nisali kwa ajili ya madereva wote. Nilitoka nikiwa na malipizi ya rozari moja na kichwa kilichovurugika zaidi ya nilivyoingia.

Huu ni mwaka wa tatu. Hakuna lori lililomgonga mtu. Mkataba wa pampu ulipokwisha walihamia Ayalandi, kwenye mji mdogo wenye mvua ambayo mdogo wangu anasema haina masika wala vuli, inanyesha tu. Mama hunipigia simu Jumapili. Tunaongea taratibu. Mwaka jana alinitumia picha, yeye na mwanamke anayefanana naye wameketi kwenye benchi, kila mmoja ameshika bakuli la aiskrimu, hawajatazamana. Hakuandika ni nani, nami sikuuliza.

Juzi mdogo wangu alinipigia kuniambia ana mimba ya miezi mitano. Nilifurahi mpaka nikaacha pasi ikaunguza suruali ya mteja. Nikamwambia naanza kushona vijoho na vikofia leo leo, nivitume kwa mtu anayesafiri.

"Subiri kwanza, dada," alisema. "Mama anasema chochote cha mtoto kisiingie nyumbani kabla hajazaliwa. Si nguo, si kitanda, si kigari."

Bi mkubwa alikuwepo, amekuja na buibui jingine. Alitikisa kichwa kukubali, kana kwamba yule mwenzake wa mbali amejibu swali sawasawa.

Nilikata simu nikaenda dukani. Nilisimama mbele ya vitambaa laini vyeupe, nikavigusa, nikavirudisha. Nikachukua uzi wa njano kidonge kimoja, nikamlipa mwenye duka haraka kabla sijabadili nia. Jumapili mama alipopiga nilimwuliza kama uzi mtupu, ambao haujashonwa, ambao uko Likoni na si Ayalandi, nao unahesabika.

Akasema hajui, atamwuliza dada yake.